Kabla Hujaing'oa Injini

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Ni siku ambayo gari lisilo na injini liliingia mtaani kwetu Chuno likishangiliwa kuliko gari lolote nililopata kuliona, na mama yako alikuwa amekaa nyuma na mwavuli mkononi. Wewe hukuwapo hata kwa mawazo. Lakini gari ni hilihili unaloniulizia leo, lililolala bandani kwetu, na ndiyo maana nataka uisikie siku hiyo mpaka mwisho kabla hujashika spana.

Umeingia hapa asubuhi, funguo mkono mmoja, simu mkono mwingine. Funguo amekupa mjomba wako Hamisi, mume wangu, ambaye sasa hivi amekaa barazani anajifanya anasikiliza redio. Amekwambia gari ni lako, ila usiliguse kabla hujaja kwangu. Mjanja huyo. Miaka yote ya ndoa yetu, jambo likimwelemea moyoni hunisukumia mimi nilisimulie.

Na kwenye simu umenionyesha picha. Magari ya zamani yaliyofufuliwa, yamepakwa rangi nyeusi inayong'aa, yameshushwa mpaka tumbo linakaribia kugusa lami. Umeniambia unataka injini kubwa, rimu pana, kioo cha kugusa kwa kidole, na kiti cha nyuma ung'oe uweke spika. Halafu, kwa pumzi hiyohiyo, ukaniambia kuna mtu wa Dar anayekusanya magari ya zamani na yuko tayari kulichukua lilivyo. "Mama, nilifufue au niliuze? Na nikilifufua, si ni vizuri nikaliboresha kabisa?"

Nitakujibu. Lakini mimi ni fundi cherehani, mwanangu, sikati kitambaa kabla sijampima mtu. Nivumilie.

Babu yako mzaa mama, Mzee Issa, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa winchi bandarini. Gari alilipata kwa mhandisi mmoja mgeni aliyekuja kutengeneza gati. Mgeni yule alilileta kwa meli bila kuuliza barabara zetu zikoje. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, limeinama pua, na paa lake ni turubai la kukunja. Kiti cha nyuma kilikuwa chembamba, cha kukaa watoto au watu wanaopendana. Mchanga ulimshinda mhandisi. Kazi yake ilipokwisha akamwachia babu yako, akapanda meli akaenda zake.

Babu yako ndiye mtu pekee niliyepata kumwona akiendesha gari la mbio taratibu kuliko baiskeli. Akiona shimo, anashuka kulitazama. Akiona bibi kizee ana kapu, anasimama. Magunia ya korosho yalipanda humo, miguu ya vitanda ilitoka juu ya paa, na wajawazito walipelekwa kliniki wakiwa wameegemea ile ngozi nyekundu kama wake wa mawaziri. Vijana wa Chuno walimcheka, wakamwuliza gari la kasi anaendeshaje hivyo. Akawa anawajibu, "Kasi linayo lenyewe. Mimi nina muda."

Lakini kazi kubwa ya gari lile ilikuwa mwezi wa kumi na mbili. Siku hizi mambo haya yamepungua, kwa hiyo acha nikukumbushe. Wasichana waliochezwa unyago, siku ya kutolewa, huvishwa nguo mpya, hupakwa poda, hushikishwa mwavuli, wakarudishwa kwao kwa ngoma na vigelegele, na mtaa mzima hutoka nje kuwatazama. Mwali harudi nyumbani kimyakimya kama anayetoka dukani kununua chumvi. Basi babu yako alikuwa akikunja turubai, anaosha gari tangu alfajiri, na lile gari jekundu ndilo lililotangulia mbele ya msafara. Kila nyumba ilitaka mtoto wake akae pale nyuma. Watu waligombana kwa ajili ya kiti kile, nakwambia kweli, na wengine hawakusalimiana mpaka Ramadhani.

Mama yako Hadija alikuwa mdogo bado. Alisimama getini amenuna, anawatazama watoto wa watu wengine wakipita kwenye gari la baba yake.

"Baba, zamu yangu lini?"

"Ukifika wakati wako," babu yako alimwambia, nami nilikuwepo, "hutabanwa na mtu. Utakaa peke yako pale nyuma, na nitaendesha polepole mpaka watu wachoke kukutazama."

Mtoto akaishika ahadi ile akatembea nayo. Aliwaambia wenzake shuleni, akamwambia muuza maandazi, akaniambia mimi kila alipokuja kuniona nikishona. Hakuna aliyekuwa na shaka kwamba siku hiyo itafika.

Kisha babu yako akaugua kifua. Winchi haikumwona tena, na gari likakaa uani likiota vumbi. Siku moja akamwita Hamisi, mtoto wa dada yake. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la uji, sikujua niende au nibaki, nikabaki.

"Gari nakuachia wewe, mpwa wangu," akasema. "Desturi yetu unaijua, mali ya mjomba huenda kwa mpwa. Lakini Hadija utamtoa nalo. Umenisikia?"

"Nimesikia, mjomba."

Hazikupita siku nyingi akafariki. Nililia sana, mwanangu, maana alinipokea mimi Mmakonde katika ukoo wao wa Kiyao bila kunifanya nijione mgeni hata siku moja.

Sasa ngoja nikwambie kuhusu masikio ya kijana. Lile neno la "nakuachia" Hamisi alilisikia kwa masikio yote mawili. Lile la Hadija alilisikia pia, sitamsingizia, ila alilisikia kwa namna yake. Wakati ule alikuwa dereva wa lori la korosho, na mwendo ndio ulikuwa starehe yake. Akikuona umeshika kifua kwa hofu ndipo anafurahi. Huko Dar alikuwa na rafiki fundi aliyemjaza maneno ya injini kubwa, springi fupi na bomba la moshi linalonguruma. Kila jioni alilizunguka gari la mjomba wake akiliona lile atakaloligeuza, lile lililokuwepo mbele yake halioni.

Ikafika arobaini ya marehemu. Sasa hapa namleta Mzee Komba. Huyu alikuwa karani wa bandari, Mngoni kutoka Songea, Mkristo, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na rafiki wa babu yako wa kucheza bao. Mngoni na Myao ni watani, hilo wewe mwenyewe unalijua, na kazi ya mtani kwenye msiba ni kuwachekesha wafiwa kwa kumwigiza marehemu. Hakuna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha mwenyewe.

Baada ya dua na chakula, Mzee Komba akatoka jikoni akiviringisha kinu. Akakiweka katikati ya ua, akakikalia, akashika ungo mikononi uwe usukani. Halafu akaanza kuendesha. Polepole, shingo imenyooka, midomo imebanwa vilevile kama babu yako alivyoibana. Akafika kwenye shimo, akashuka, akalichungulia, akatikisa kichwa, akarudi kwenye kinu. Akamwona mama mmoja mnene. "Shikamoo mama, panda, panda, kapu weka hapo mbele, mimi nitakaa nje!" Watu wakavunjika mbavu. Akasimama mahali, akashuka, akazunguka, akafungua mlango ambao haupo, akainama akamtoa mtoto ambaye haonekani, akamshika mkono kwa adabu kama anamtoa binti mfalme. Pale kicheko kikabadilika. Kutoka ndani, nyuma ya pazia, tukasikia sauti ya Bi Mwanaisha, mke wa marehemu, aliyekuwa kwenye eda. Alikuwa anacheka. Tangu mumewe afariki hatukuwa tumemsikia hata akikohoa.

Mzee Komba hakuishia hapo. Akakaa tena kwenye kinu, akajikunja, akageuza kofia nyuma mbele, akawa Hamisi. "Vruuuum!" Vumbi kila mahali, kuku wamekimbia, ungo unazungushwa huku na huku. Akapita mbele ya yule mama mnene bila kusimama. Akawapita wazee. Mwisho akafunga breki mbele ya mume wangu, akanyoosha mkono kuonyesha nyuma yake.

"Hamisi, abiria wako wapi?"

Watu wakacheka. Hamisi hakucheka. Aliondoka uani, na tangu siku ile Mzee Komba akimsalimia anajibu kwa kichwa tu, kama vile shingo ndiyo iliyokuwa na maneno.

Masika yalipokwisha, Hamisi na wenzake wakafunga mnyororo kwenye tawi la mkorosho wa uani, wakaing'oa injini. Ilikuwa imechoka, hilo kweli. Ilikohoa, ilitoa moshi, ilikunywa oili kama mgeni asiye na haya. Fundi yeyote angeweza kuitengeneza ikaendelea kidogo, lakini Hamisi alitaka ya kisasa. Ile ya zamani akaipakia kwenye lori ikapelekwa kwa rafiki yake Dar, ili ile kubwa iletwe badala yake.

"Si ungengoja hiyo mpya ifike kwanza ndiyo uitoe hii?" nikamwuliza.

"We shona viti," akaniambia. "Hadija atatoka na gari ambalo Mtwara haijapata kuliona."

Nataka unielewe hapa, Idrisa. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yako kama dada wa tumbo moja, na alitaka kumpa kitu kikubwa. Ila kile kikubwa alikitoa kichwani mwake mwenyewe. Hakuna aliyekuwa amemwomba.

Basi mimi nikashona viti. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya gari, na mpaka leo nikipita bandani nakiangalia kile kiti cha nyuma najisifu mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kunisifu. Kabla hajaingia ndani kuchezwa unyago, mama yako alikuja kunichagulia uzi. Akataka ngozi nyekundu ileile, lakini ukingo uwe mweupe. "Ili ionekane ninapoishia mimi na gari linapoanzia," akasema. Nilicheka sana. Alikuwa na maneno mtoto yule.

Mwezi wa kumi na mbili ukaja na mvua zake. Wakati ule barabara ya kwenda Dar haikuwa hii unayopita wewe ukilala kwenye basi. Ilikuwa tope. Lori lililobeba injini ya Hamisi likakwama huko njiani upande wa Nangurukuru, na nyuma yake yakakwama mengine, na habari tulizopata kwa madereva zilikuwa kwamba watu wamewasha majiko wanapika kando ya barabara. Kila asubuhi Hamisi alikwenda stendi kuuliza. Kila asubuhi alirudi akiwa amepungua.

Ikabaki kesho yake ndiyo wali, wale wasichana wa unyago, watoke. Bi Mwanaisha akaja kwetu. Eda yake ilikuwa imekwisha, amevaa kanga safi, ameshika ncha ya kanga kama mtu anayeogopa kuidondosha.

"Hamisi mwanangu," akasema, "nimwambie nini mtoto?"

Hamisi akatazama upande wa banda.

"Kungwi wake ametoka kuleta salamu. Anasema hajauliza nguo wala viatu. Ameuliza kitu kimoja tu, kama gari la baba litakuja."

Alipoondoka, Hamisi alikwenda bandani akaingia ndani ya gari. Nilimkuta ameshika usukani, mbele yake boneti limefunikwa na ndani yake hamna kitu, hata panya angepita akakosa pa kujificha. Uso wake ulikuwa umeloa. Nilimwonea huruma, na nilikuwa na hasira naye, vyote viwili kwa pamoja, na wanawake wa Mtwara wanaijua hali hiyo vizuri.

"Nitakodi pikapu," akasema. "Ile yenye muziki."

"Pikapu kapakie mihogo," nikamwambia. "Mtoto hakuahidiwa muziki. Hakuahidiwa hata injini. Aliahidiwa gari la baba yake, polepole, watu wamtazame. Sasa wewe niambie, katika hayo, kipi kinataka injini?"

Akauachia usukani. Halafu akashuka, akajipangusa uso kwa shati, akaelekea kwa Mzee Komba. Mimi nikamfuata nyuma nyuma, maana nilitaka kuona kwa macho yangu.

"Hodi."

"Nani?"

"Mtani."

"Mtani yupi? Yule mwenye mbio?"

"Mbio hana tena," Hamisi akasema. "Hata injini hana."

Mzee Komba alicheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Alicheka akashika ukuta. Hamisi akasimama pale akavumilia, na kwangu mimi hapo ndipo alipoanza kuwa mtu mzima. Kicheko kilipokwisha, mzee yule akavua miwani akaifuta.

"Unajua siku tuliyoshuka melini, mimi na mke wangu na masanduku yetu, hatumjui mtu hapa?" akasema. "Mvua inanyesha. Gari jekundu likasimama. Yule Myao akashuka akalowa yeye, akatupakia sisi. Basi kesho mimi nitambeba mtoto wake. Wewe kaa kwenye usukani, na mikono yako iwe na adabu."

Asubuhi ile walikuja watu wa bandarini, wapagazi na madereva na makarani, wengine wamevaa ovaroli zao za kazi. Wakalisukuma gari mpaka Mtawanya, kwenye nyumba wali walimokuwa. Mvua ilikuwa imepumzika. Turubai limekunjwa, rangi imesuguliwa, na kiti changu kinawaka kwa wekundu, ukingo wake mweupe. Mama yako akatolewa. Amevaa gauni jipya, uso una poda, mwavuli mkononi. Akaliona gari. Alipanda nyuma, akakaa pale katikati, peke yake kama alivyoahidiwa, akaweka kiganja juu ya ngozi akakitelezesha mpaka kwenye ukingo.

Hamisi akashika usukani. Watu wakashika bodi. Na Mzee Komba, mwanangu, Mzee Komba akasimama mbele ya gari, akajivuta suruali, akaanza kunguruma kwa mdomo.

Alikuwa injini njia nzima. Alikohoa, akashika moto, akaweka gia ya kwanza, akatembea. Kwenye kamlima alinguruma kwa taabu na wasukumaji wakaitikia, kwenye mteremko akaimba laini. Kila penye nyumba ya mzee aliyekuwa akibebwa na babu yako, alifunga breki kwa sauti. "Abiria!" Na mzee yule akitoka, asukume hatua chache, mwingine apokee. Mtaa kwa mtaa watu walibadilishana. Waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya kiti kile walijikuta wamebanana bega kwa bega nyuma ya buti. Bibi mmoja wa Kimakonde alirusha kanga yake hewani akapiga kelele, "Ntoto wa Issa huyo! Ntoto wa Issa kaja na gari ya babake!"

Mama yako alianza kwa kucheka. Alimcheka Mzee Komba mpaka mwavuli ukainama. Katikati ya njia kicheko kikageuka kilio, akalia wazi mbele za watu wote, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Hakuufunga mwavuli. Wanawake waliimba wakamzunguka, na gari lilikwenda polepole mno, polepole kuliko hata babu yako alivyokuwa akilipeleka. Watu walimtazama mpaka wakatosheka.

Tulipofika, Bi Mwanaisha alikuwa mlangoni. Hamisi akashuka, akazunguka, akafungua mlango, akakunja kiti cha mbele, akainama, akampa mama yako mkono. Vilevile kama ule mlango usiokuwepo uliofunguliwa siku ya arobaini. Mzee Komba aliona. Akazima injini kwa mdomo, tuf, akatoa kitambaa akajifuta macho akisingizia jasho.

Injini ya Dar ilifika baadaye, mvua zilipolegea. Haikuingia. Ilikuwa kubwa, boneti lisingefunga ng'o. Hamisi aliitazama akacheka peke yake pale uani kama mwendawazimu, kisha akaibadilisha kwa ndogo, ya saizi ya ile ya zamani. Gari likatembea. Lilitoa wali wengi, likapeleka maharusi, likabeba wagonjwa, na likambeba Mzee Komba mwenyewe siku alipostaafu akaenda kupanda basi la Songea. Wewe mwenyewe uliletwa nalo kutoka hospitali umefungwa kwenye kanga, ukalia njia nzima. Mpaka chumvi ya pwani ilipoila sakafu, na mjomba wako miguu ikaanza kumsumbua, ndipo likalala.

Na mwavuli ule mama yako anao mpaka leo, uko juu ya kabati. Mwulize.

Sasa nakujibu, mwanangu, maana naona unatazama simu.

Lifufue. Usiliuze. Mtu wa Dar ataliweka ndani ya ghala alifunike shuka jeupe, na gari lile halijazoea kuwa peke yake. Wewe una kazi nzuri hapo Madimba kwenye mitambo ya gesi, una mikono inayojua vyuma, una nguvu, na umelipenda. Hilo peke yake linanifurahisha kuliko unavyofikiri, maana niliogopa kizazi chenu kitaliona bati tu.

Na liboreshe, sikukatazi. Uzee si sifa ya kila kitu. Sakafu iliyooza ikate uweke mpya. Breki weka nzuri kuliko zile za zamani, taa ziwe kali, nyaya zote zifumuliwe, mikanda ya usalama iwekwe mpaka nyuma, maana babu yako hakuwa nayo na ni Mungu tu alikuwa akitushika. Injini tafuta imara isiyokusumbua, na iwe imefika hapa uani, umeigusa, umeisikia ikiwaka, ndipo uguse ile iliyomo. Hilo nisikie vizuri. Usivunje kinachotembea kwa ajili ya kile ambacho bado kiko njiani. Mjomba wako alibahatika kuwa na watu wa kusukuma. Si kila mtu anao, na wewe anza kuwatafuta wako mapema.

Lakini usilishushe chini. Njia ya Madimba unaijua. Rangi nyekundu iache, maana watoto waliobebwa humo sasa ni wazee wenye wajukuu, na siku litakapopita watalitambua kwa rangi kabla hawajakutambua wewe. Na kile kiti cha nyuma, Idrisa, ukikigusa kwa ajili ya spika tutagombana mimi na wewe, na umri wangu huu sigombani nusu nusu. Spika weka milangoni. Kiti niletee mimi. Macho yameanza kuchoka lakini tundu la sindano bado naliona, na ngozi nyekundu nilikwishaagiza wiki ile mjomba wako aliponinong'oneza kwamba anataka kukupa funguo. Ukingo utakuwa mweupe.

Kitu chochote utakachotaka kukifanya kiwe kikubwa, iwe gari, iwe nyumba, iwe kazi, jiulize kwanza kina ahadi gani ndani yake, na aliyeahidiwa ni nani. Ukishalijua hilo, kila uamuzi mwingine utakuja wenyewe, uongeze nini, uache nini. Usipolijua, utaongeza mpaka boneti lisifunge, na aliyekuwa akikungoja atabaki mlangoni ameshika ncha ya kanga. Kijana akipata nguvu hutaka aonekane. Si vibaya kuonekana. Ila babu yako alionekana Mtwara nzima kwa sababu alisimama kila mahali.

Siku litakapowaka, usiende kuwaonyesha marafiki kwanza. Nenda kwa mama yako. Mwambie achukue mwavuli wake. Mfungulie mlango, kunja kiti cha mbele, mpe mkono, akae palepale nyuma katikati, umzungushe Chuno mpaka Mtawanya. Na uende polepole. Mjomba wako utamkalisha mbele, hata kama atasema hataki. Tayari ameshapunguza sauti ya redio, unamsikia? Anangoja nimalize.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako na vyuma utakavyovishika. Akuepushe na ajali na tope na maneno ya marafiki wa mbali. Akupe mwendo wa kiasi na muda wa kutosha, akupe mashimo unayoyaona kabla hujayaingia, akupe watani wa kukucheka ukiwa mjinga na kukusukuma ukikwama. Na popote utakapokuwa ukiendesha, kiti chako cha nyuma kisikose mtu.